Seva ikikuletea NO_PUBKEY usikimbilie kuinyamazisha, soma kwanza inauliza nini

Jumatatu moja asubuhi napigiwa simu na kijana anayeangalia kompyuta kwenye ofisi ya wanunuzi wa dagaa pale Kirumba, jirani kabisa na soko la Mwaloni. "Shikamoo kaka." Marahaba, vipi mdogo wangu? "Salama, ila seva iligoma kuapdeti, ikawa inalalamikia ufunguo, sasa nimeshaipitisha." Nikamuuliza umeipitishaje, akasema kuna neno moja ameongeza kwenye faili, basi yote yakaisha. Nikachukua boda nikaenda.

Nataka niieleze hii ishu kwa kirefu maana nimekutana nayo mara nyingi sana, na karibu kila mara mtu anakuwa kaitatua kwa kuzima ukaguzi wenyewe, yaani mlinzi kauliza wewe nani, tukamfukuza mlinzi. Halafu watu wanaichukulia kama kosa moja wakati ni makosa kama sita hivi yanayofanana sura, na kila moja lina dawa yake.

Ile seva ni Ubuntu 22.04, aina mojawapo ya Linux, ndani kuna databezi ya Postgres inayotunza magunia, nani kaleta, kilo ngapi, anadai shilingi ngapi. Wiki iliyotangulia diski ilikufa, wakaweka mpya, wakarudisha data kutoka kwenye bekapu na wakarudisha pia folda ya /etc/apt/sources.list.d yenye orodha ya ripo zao. Ripo ni ile hazina ya mtandaoni ambako seva inachota pakeji zake, yaani programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa. Sasa orodha ya ripo ilirudi lakini funguo hazikurudi, kwa sababu hazikuwemo kwenye bekapu. Kijana alipoandika sudo apt update ikaja hii:

W: GPG error: http://apt.postgresql.org/pub/repos/apt jammy-pgdg InRelease: The following signatures couldn't be verified because the public key is not available: NO_PUBKEY 7FCC7D46ACCC4CF8
E: The repository 'http://apt.postgresql.org/pub/repos/apt jammy-pgdg InRelease' is not signed.

Na yeye akafungua faili la ripo akaweka [trusted=yes] mbele ya anwani. Ikapita.

Ili uone ubaya wake uko wapi inabidi ujue apt, ile programu inayoshusha na kusakinisha pakeji, inafanya nini. Chukulia gunia la dagaa linalotoka kisiwani, Goziba au Ukerewe. Linapanda boti ya mtu baki, linashushwa na vibarua, linalala mwaloni usiku kucha, linapakiwa lori la mtu mwingine tena. Mwenye mali hawezi kumjua kila aliyeligusa, kwa hiyo anachofanya ni kulishona na kuliandika alama yake, na mnunuzi akipokea anaangalia mshono na alama, habari ya boti ilikuwa ya nani haimhusu. Pakeji za Linux zinasafiri hivyohivyo. Zinakaa kwenye seva za vyuo, za makampuni, za watu wanaojitolea tu, nakala ya nakala, na apt haina haja ya kumwamini hata mmoja wao mradi mshono ni wa mwenye mali.

Tofauti na gunia ni kwamba alama ya rangi yeyote anaweza kuigiza, hii haiigiziki. Mwenye ripo ana funguo mbili zilizozaliwa pamoja. Ule wa siri anabaki nao yeye na ndio unaoweka saini, ule wa wazi anaugawa kwa kila mtu na kazi yake ni kukagua tu, hauwezi kusaini chochote. Ukiwa na ule wa wazi unaweza kujua saini hii imewekwa na yule wa siri au la, basi.

Na saini yenyewe haiwekwi kwenye kila pakeji. Kuna faili linaitwa InRelease, dogo tu, ndani yake kuna alama za SHA256, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, za mafaili mengine yanayoitwa Packages, na ndani ya Packages kuna alama za SHA256 za kila faili la .deb lililoko kwenye ripo nzima. Yaani saini moja pale juu inabeba mnyororo wote mpaka kwenye pakeji ya mwisho, ukibadilisha herufi moja kwenye pakeji moja alama yake haitalingana na iliyoandikwa kwenye Packages, ukibadilisha Packages haitalingana na InRelease, na InRelease huwezi kuibadilisha bila ufunguo wa siri. Ndiyo maana ripo nyingi bado ziko kwenye http bila hata s na hakuna aliyeshtuka. Ukiweka trusted=yes umekata mnyororo pale pale kwenye pete ya kwanza, alama za SHA256 zitaendelea kulingana vizuri tu lakini zitalingana na karatasi ambayo hujui kaiandika nani. Na pakeji ikisakinishwa skripti zake zinaendeshwa kama root, yule mtumiaji mwenye madaraka yote, huyo mtu ana seva yako.

Sasa turudi kwenye ule ujumbe. Mstari wa pili unasema ripo haijasainiwa, na hapo wengi wanapotea, wanadhani wenye ripo wamesahau kusaini. Hapana, saini ipo. Seva inachosema ni "nimeona saini, aliyesaini ana namba 7FCC7D46ACCC4CF8, ila mimi huyo simjui, ufunguo wake sina". Dawa ni kumletea ufunguo. Lakini uutoe wapi? Hapa ndipo naomba usome taratibu.

Ukitafuta mtandaoni utapewa komandi ya kuchukua ile namba iliyo kwenye ujumbe wa kosa na kuivuta kwenye seva ya funguo kama keyserver.ubuntu.com. Inafanya kazi, kosa linaondoka. Lakini jiulize ile namba imetoka wapi. Imetoka ndani ya faili ambalo seva imelishusha sasa hivi na imeshindwa kulithibitisha! Kama kuna mtu kajipenyeza katikati na kukuletea InRelease ya kwake aliyoisaini kwa ufunguo wa kwake, namba utakayoiona hapo ni namba yake yeye, na zile seva za funguo kwa sehemu kubwa mtu yeyote anapandisha ufunguo, na jina analiandika mwenyewe, akitaka kuandika "PostgreSQL" anaandika. Kwa hiyo umempigia mgeni aliyegonga geti usiku kwa namba ya simu aliyokupa yeye mwenyewe, akapokea, akasema ndiyo mimi. Zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii" zinafanya kazi kwa mtindo huohuo, namba inaletwa na mwenye shida.

Ufunguo unautoa kwa mwenye ripo, kwenye tovuti yake rasmi, kwa https, na unaulinganisha. Kwa Postgres ni hivi:

sudo install -m 0755 -d /etc/apt/keyrings
sudo curl -fsSL https://www.postgresql.org/media/keys/ACCC4CF8.asc -o /etc/apt/keyrings/pgdg.asc
gpg --show-keys --with-fingerprint /etc/apt/keyrings/pgdg.asc

Mstari wa tatu hausakinishi kitu, unakuonyesha tu ulichokishusha, na kilichotokea kwenye skrini pale Kirumba ni hiki:

B97B 0AFC AA1A 47F0 44F2  44A0 7FCC 7D46 ACCC 4CF8

Hiyo ndiyo fingaprinti ya ufunguo, herufi 40, na ni kama alama ya vidole tunayotoa tukisajili laini, majina yanaweza kufanana lakini hii ni ya mmoja. Nikamwambia kijana angalia zile 16 za mwisho, 7FCC 7D46 ACCC 4CF8, si ndiyo ile namba seva iliyokuwa inaililia? Akasogea karibu na skrini akasoma moja moja kwa kidole. Ndiyo yenyewe. Yaani tumeanzia kwa mwenye mali tukakuta namba inalingana na ya kwenye saini, hatukuanzia kwenye saini kumtafuta mwenye mali, na mwelekeo huo ndio wenye uzito.

Usilinganishe herufi 8 za mwisho peke yake. Mwaka 2014 kuna watafiti walionyesha kwamba kutengeneza ufunguo feki wenye herufi 8 za mwisho zilezile za ufunguo wa mtu mwingine ni kazi ya sekunde chache kwa kadi ya grafiki ya kawaida, na wakatengeneza kwa maelfu. Soma zote 40, inachukua dakika.

Baada ya hapo unaiambia ripo hii itumie ufunguo huu tu. Nilifuta faili la zamani nikaandika jipya, /etc/apt/sources.list.d/pgdg.sources:

Types: deb
URIs: https://apt.postgresql.org/pub/repos/apt
Suites: jammy-pgdg
Components: main
Signed-By: /etc/apt/keyrings/pgdg.asc

Huo mstari wa mwisho ndio uliochukua nafasi ya apt-key add ambayo bado imejaa kwenye maelekezo ya zamani. apt-key ilitangazwa kustaafishwa tangu 2020 na sababu yake ni nzuri. Ilikuwa inatupia ufunguo kwenye kapu moja la pamoja, na ufunguo wowote ulioko kwenye kapu lile unaaminiwa kwa ripo zote, kwa hiyo ufunguo wa ripo ya programu ndogo uliyoiweka siku moja kujaribu unaweza kuthibitisha hata ripo inayojifanya ni Ubuntu yenyewe. Ni sawa na mwenyekiti wa mtaa mmoja mhuri wake ukubalike kwenye barua za mitaa yote ya Nyamagana na Ilemela. Signed-By inasema mhuri huu ni wa mtaa huu. Ukiona onyo la "Key is stored in legacy trusted.gpg keyring" ndicho seva inachokulalamikia, haijagoma, inakuomba uhamishe ufunguo kutoka kwenye kapu uuweke kwenye faili lake na uutaje kwenye ripo yake.

Niliposema futa la zamani nilikuwa na maana. Ukiacha faili la .list na la .sources kwa ripo moja yenye anwani ileile, moja lina Signed-By na lingine halina au lina njia tofauti, apt itakuja na "Conflicting values set for option Signed-By" na hapo haitasoma ripo hata moja, seva nzima inakwama. Zitafute zote kwanza:

grep -rn pgdg /etc/apt/sources.list /etc/apt/sources.list.d/

Hilo la NO_PUBKEY ndilo kubwa. Ila kuna mengine ambayo huku kwetu yanasumbua zaidi na maelekezo ya mtandaoni mara nyingi hayayagusi vizuri, nayo ni bando na umeme.

La bando kwanza. Ujumbe wake ni huu:

Clearsigned file isn't valid, got 'NOSPLIT' (does the network require authentication?)

Watu wakiona neno saini wanakimbilia funguo, wanashusha upya, wanafuta, wanarudisha, saa nzima. Funguo hazina kosa kabisa. Kilichotokea ni kwamba seva iliomba InRelease ikaletewa kitu kingine, kwa kawaida ukurasa wa tovuti, ule wa "salio lako halitoshi" au wa hotelini unaokuomba uingize namba ya chumba, na apt ikaufungua ikakuta sio faili lenye saini. Ukitaka kuhakikisha liombe hilo faili wewe mwenyewe:

curl -s http://archive.ubuntu.com/ubuntu/dists/jammy/InRelease | head -3

Kama ni salama mstari wa kwanza utakuwa -----BEGIN PGP SIGNED MESSAGE-----. Ukiona alama za html ujue unaongea na ruta au na mtandao wa simu, nunua bando au ingia kwenye ule ukurasa, halafu endelea. Na mtego huohuo unakupata wakati wa kushusha ufunguo, unadhani umeshusha ufunguo kumbe umehifadhi ukurasa wa salio ukaupa jina pgdg.asc. Ile -f kwenye curl inasaidia, inakataa kuhifadhi majibu ya makosa kama 404, lakini ukurasa wa salio mara nyingi unakuja kama jibu zuri tu kwa hiyo gpg --show-keys ndiyo itakayokuambia ukweli, itasema hakuna data ya OpenPGP humo.

La umeme. Kuna mashine ndogo moja huwa naihudumia kwa simu, ipo Nansio, na kwenda ni mpaka upande kivuko kwa hiyo nimejifunza kuuliza maswali vizuri kabla ya kusafiri. Umeme ulikatika jioni kama saa kumi na mbili na dakika hamsini, ukarudi asubuhi. Dada anayeisimamia akanitumia picha ya skrini, "Release file ... is not valid yet (invalid for another 6h 41min)", akauliza kaka nibadilishe ufunguo? Nikamwambia dada angu andika date kwanza. Ikatoka 18:57 ya jana yake. Ilikuwa saa mbili kasoro asubuhi.

Batri ya mazabodi ilikuwa imekufa, ile ya duara CR2032, kwa hiyo mashine ikizimika saa yake haitembei, na ikiwaka Linux inarudi kwenye muda wa mwisho inaoukumbuka ambao ni jana jioni. Sasa InRelease ya pakeji za usalama ilikuwa imesainiwa usiku wakati seva imelala, kwa hiyo kwa macho ya seva hiyo barua imeandikwa kesho, na barua ya kesho inakataliwa. Kawaida seva ingejirekebisha yenyewe kwa kuuliza muda mtandaoni lakini ruta ya pale ilikuwa inazuia njia ya NTP, UDP 123. Tukaweka saa kwa mkono, sudo timedatectl set-ntp false kisha sudo timedatectl set-time na tarehe kamili, apt ikapita bila kugusa ufunguo wowote, na safari iliyofuata nikabadilisha batri na kufungua hiyo njia kwenye ruta tukarudisha set-ntp kuwa true. Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi kwa mtu yeyote mwenye shida ya funguo ni "date inasemaje", hata kabla ya kuuliza ripo gani. Saa ikienda mbele sana nayo ni shida, funguo nzima kabisa zitaonekana zimeisha muda.

Ambalo linatuleta kwenye EXPKEYSIG. Hapo ufunguo unao, saini inalingana, ila tarehe ya mwisho ya ufunguo imepita. Kama saa iko sawa basi nakala yako ya ufunguo ndiyo iliyochakaa, maana mara nyingi mwenye ripo hatengenezi ufunguo mpya, anausogeza mbele muda wa uleule na kuuweka upya kwenye tovuti yake, wewe umebaki na nakala yenye tarehe ya zamani. Shusha tena, linganisha fingaprinti, itakuwa ileile, bandika juu ya ya zamani, imeisha. Kama fingaprinti imebadilika usibandike. Nenda kasome tangazo lao kwanza, kwa sababu anayebadilisha ufunguo kwa nia njema huwa anatangaza. Aprili 2025 wale wa Kali Linux walitangaza kwamba wamepoteza ufunguo wao wa zamani, ule unaoishia 7D8D0BF6, haukuibiwa bali hawakuweza kuufikia tena, ikabidi watengeneze mwingine unaoishia C8D5E4C5 na dunia nzima ya Kali iushushe kwa mkono. Wakaandika sababu na fingaprinti kamili kwenye tovuti yao. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kufanyika, na wewe kazi yako ni kuusoma huo ukurasa kabla ya kubandika komandi uliyoletewa na mtu kwenye grupu la WhatsApp.

BADSIG ni habari nyingine. Ufunguo upo, haujaisha muda, lakini saini hailingani na maandishi. Mara nyingi faili limeharibika njiani, intaneti imekatika katikati au kuna proksi, seva ya katikati, inayokuhifadhia nakala ya zamani. Futa nakala za ndani ujaribu tena:

sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*
sudo apt update

Ikirudi, jaribu kwa mtandao mwingine, washa hotspoti ya simu. Ikirudi hata kwenye mtandao mwingine acha, subiri, waulize wenye ripo. Hili ndilo kosa pekee ambalo mimi sina njia ya mkato ya kumpa mtu, kwa sababu ndilo hasa ambalo utaliona siku mtu akijaribu kukuchezea kweli.

Halafu kuna yale ya ruhusa za mafaili ambayo yanakasirisha kwa sababu ufunguo uko palepale unauona kwa macho na seva bado inasema NO_PUBKEY. Soma mistari ya juu ya ule ujumbe, utakuta imeandikwa ufunguo umepuuzwa kwa sababu mtumiaji _apt hawezi kulisoma faili. Ukaguzi haufanywi na root, unafanywa na mtumiaji mdogo anayeitwa _apt asiye na madaraka, na kama seva yenu imekazwa usalama faili jipya la root linazaliwa likiwa limefungwa kwa wengine wote. sudo chmod 644 kwenye faili na 755 kwenye folda. Ufunguo wa wazi hauna siri, acha kila mtu ausome. Na kama inasema "unsupported filetype" ni jina. Ufunguo ulioandikwa kwa maandishi, unaoanza na -----BEGIN PGP PUBLIC KEY BLOCK-----, unatakiwa uishie .asc, ule wa binari uishie .gpg. Ukiupa wa maandishi jina la .gpg apt inaukataa. Maelekezo mengi yanakuambia upitishe kwenye gpg --dearmor ili uwe wa binari na ni sawa, ila kwa apt za miaka hii kubadilisha jina tu kunatosha.

Kama uko kwenye Debian 13, Linux ndugu ya Ubuntu inayotumia apt pia, ujumbe wenyewe umebadilika sura. Kazi ya kukagua imehamishwa kwenda kwenye programu inayoitwa sqv, na badala ya NO_PUBKEY utasoma "Missing key" ikifuatiwa na fingaprinti yote 40, ambayo mimi naona ni maendeleo. Ni kali zaidi pia, tangu tarehe 1 Februari 2026 inakataa funguo ambazo bado zimeegemea SHA1, ile njia ya zamani na dhaifu ya kukokotoa alama, na kwa hilo wewe wa huku chini huna cha kufanya zaidi ya kushusha ufunguo mpya kama mwenye ripo ameshauboresha, na kama hajauboresha kumwandikia.

Wa AlmaLinux na Rocky, Linux za familia nyingine zisizotumia apt, utaratibu wenu uko tofauti kidogo, kule kila pakeji ya rpm inabeba saini yake yenyewe, funguo zinakaa ndani ya databezi ya rpm na kuingizwa kwa rpm --import. AlmaLinux 8 walibadili ufunguo Januari 2024 na seva ambazo hazikuwa zimeupata zikagoma kuapdeti mpaka uuingize kwa mkono. Kishawishi chenu kinaitwa --nogpgcheck na maneno yote niliyosema kuhusu trusted=yes yanakihusu.

Pale Kirumba baada ya apt update kupita safi haikuwa mwisho, kwa sababu lile neno lilikaa kwenye faili tangu Ijumaa na kama kuna kitu kilisakinishwa kati ya Ijumaa na Jumatatu kiliingia bila kukaguliwa. Tukafungua /var/log/apt/history.log tukashuka mpaka tarehe zile. Pakeji tatu, postgresql-16, postgresql-client-16 na libpq5, zote Jumamosi saa nne asubuhi. Tukafuta zilizobaki kwenye hifadhi kwa sudo apt clean, maana bila hivyo apt ingeweza kutumia mafaili yaleyale iliyokwishayashusha, kisha tukazisakinisha upya kutoka kwenye ripo iliyothibitishwa kwa sudo apt-get install --reinstall na majina yao matatu. Alama za SHA256 za mafaili mapya nikazilinganisha na zile zinazotolewa na apt-cache show, zikakubaliana. Magunia yote yalikuwa kwenye databezi kama yalivyoachwa.

Kijana akaniomba kalamu, akafungua kaunta buku ile wanayoandikia mizigo, nyuma kabisa, akaandika fingaprinti yote kwa makundi ya nne nne na tarehe pembeni. Mimi nikafungua skripti ya bekapu, kulikuwa na mstari mmoja wa kuongeza, /etc/apt/keyrings.